Je, Wanarudi Nyumbani kwa Amani?

Mazungumzo ya asubuhi yaliyosomwa redioni. Somo: Kutoka, mlango wa 18, aya ya 13 hadi 27.

Najua ya kuwa saa hizi wengi wenu mmo safarini kwenda kazini. Mmesimama kituoni mkingoja gari, au mmeketi mmebanana, begi magotini. Na wengine ndio kwanza mnatoka zamu ya usiku, macho mazito, mkitafuta kikombe cha chai kabla ya kulala. Basi leo nataka kusema nanyi habari za kazi. Sisemi juu ya kazi ya shamba lako mwenyewe, wala duka lako mwenyewe, ambako wewe ndiwe mwenye kuamua uanze lini na upumzike lini. Nasema juu ya kazi katika mashirika makubwa: ofisi zenye ghorofa nyingi, viwanda, hospitali kubwa, mashamba ya chai na ya maua, bandari, mabenki. Mahali pa namna hiyo mtu aweza kufanya kazi miaka ishirini, asipate hata mara moja kuonana uso kwa uso na yule anayeamua mambo yake.

Nianze na habari za watu wawili wa kanisa letu. Wote wawili wameniruhusu kusimulia, lakini majina yao na mahali pao pa kazi nayaacha.

Wa kwanza ni mama mwenye watoto watatu, karani katika shirika moja kubwa. Mtoto wake mdogo ana ugonjwa wa pumu, nao humshika hasa usiku wa kuamkia asubuhi. Mara mbili katika mwezi mmoja mama huyu alifika kazini amechelewa, kwa kuwa alikuwa hospitali na mtoto. Akamwendea msimamizi wake, akamwomba abadilishiwe zamu, aingie saa nne na kutoka saa moja jioni. Msimamizi akamjibu, “Sina uwezo huo. Andika barua.” Mama akaandika barua. Barua ikapanda ngazi mpaka idara ya wafanyakazi. Baada ya majuma matatu ikashuka, ikiwa na maneno machache pembeni: jambo hili lipelekwe kwa msimamizi wako. Na katika majuma hayo matatu mama alikwisha kupewa barua ya onyo kwa kosa la kuchelewa. Alipokuja nyumbani kwangu alikuwa ametoka kwa daktari, akaambiwa damu yake imepanda. Akaniambia, “Mchungaji, kazi hainichoshi. Kinachonichosha ni kwamba hakuna wa kuniambia ndiyo, wala hakuna wa kuniambia hapana.”

Wa pili ni huyo msimamizi wake. Naye ni mtu wa kanisa letu, huimba sauti ya nne katika kwaya, na Jumapili huketi viti viwili mbele ya yule mama. Naye alinijia kwa wakati wake, pasipo kujua ya kuwa mama amekwisha kuja. Alikuwa halali usiku. Akasema, “Mchungaji, kila Jumatatu asubuhi naitwa juu, naulizwa hesabu ya mafaili. Mwaka huu wote sijaulizwa hata siku moja habari za watu. Mafaili yakipungua, nasimama mimi.” Nikamsikiliza. Nilikuwa nimejiandaa moyoni kumkemea siku nitakayompata, lakini nilipomwona vile sikuweza.

Ndugu msikilizaji, watu hawa wawili wamo katika Biblia. Fungua kitabu cha Kutoka, mlango wa 5. Hapo pana shirika kubwa la ajira, la kujenga miji ya Farao. Musa na Haruni wamekwenda kuomba ruhusa ya siku tatu ili watu wakamwabudu Mungu wao. Farao anajibuje? Anaondoa majani ya kufinyangia matofali, watu wakatafute wenyewe, na hesabu ya matofali isipungue hata moja. Kisha anatoa sababu, nayo ni sababu ambayo ingali ikitolewa katika ofisi nyingi leo: anasema hawa ni wavivu, ndiyo maana wanalia. Angalia ujanja wa jambo hilo. Shirika limepunguza vyombo vya kazi, limeacha hesabu palepale, kisha likaita upungufu huo tabia mbaya ya mfanyakazi.

Na katika mlango ule wamo wanyapara. Hilo ndilo neno la Biblia yetu ya Kiswahili, nasi twalijua vema. Zamani wanyapara walikuwa wakuu wa makundi ya wapagazi katika misafara ya Unyamwezi; baadaye neno likaingia katika mashamba makubwa na magerezani, likapata harufu ya fimbo. Lakini soma aya ya 14. Wanyapara wale walikuwa Waisraeli, ndugu za wafinyanzi wa matofali, waliowekwa na wasimamizi wa Farao. Na hesabu ilipopungua, wao ndio waliopigwa. Sisi tunaposikia neno mnyapara twafikiri ni mtu mwenye kupiga. Biblia yatuonyesha mnyapara aliyepigwa. Katika shirika lililojengwa vibaya, mtu wa katikati hupokea fimbo ya juu na machozi ya chini, naye hana uwezo juu ya lolote kati ya hayo mawili. Mwimbaji wetu wa sauti ya nne ni mmoja wao.

Hapa niseme kidogo habari za madaktari, maana wapo wanaodhani mambo haya ni ya moyo tu, ya mtu kujitia nguvu na kuomba. Mwaka 1967 madaktari wa Uingereza walianza kuwachunguza wanaume wapatao 18,000 waliofanya kazi katika ofisi za serikali huko London. Uchunguzi huo ukaitwa kwa jina la barabara yenye ofisi nyingi za serikali, Whitehall. Wakati ule watu wengi waliamini kwamba ugonjwa wa moyo ni ugonjwa wa wakubwa, yaani wa mkurugenzi mwenye simu tatu mezani na mambo mazito kichwani. Matokeo yakawa kinyume kabisa. Walio chini kabisa, matarishi na mabawabu, walikuwa wakifa kwa kiasi cha karibu mara tatu ya wakubwa wa ngazi ya juu, hata walipolinganishwa watu wa umri mmoja. Tena si wale wa chini peke yao. Ngazi kwa ngazi, kadiri mtu alivyokuwa chini ndivyo hatari yake ilivyozidi.

Kumbuka ya kuwa hawa hawakuwa wachimba migodi, wala watu wanaolala njaa. Wote walikuwa na ajira ya kudumu, chini ya paa, na mshahara wa kila mwezi. Ni kweli walio chini walivuta sigara zaidi, na madaktari wakalihesabu jambo hilo. Lakini hata baada ya kulihesabu, tofauti kubwa ilibaki bila maelezo. Basi mwaka 1985 ulianzishwa uchunguzi wa pili, wa wanaume na wanawake 10,308, ukiongozwa na daktari Michael Marmot. Safari hii waliwauliza watu juu ya kazi yenyewe. Je, waweza kuamua namna ya kuifanya kazi yako? Wasemaje juu ya saa zako? Ikaonekana kwamba mtu asiye na neno lolote juu ya kazi yake alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo, na kwamba jambo hilo lilieleza sehemu kubwa ya tofauti kati ya wa juu na wa chini.

Niliposoma habari hizo nilimkumbuka yule mama na damu yake iliyopanda, na neno lake: hakuna wa kuniambia ndiyo, wala hakuna wa kuniambia hapana. Hakuwa amesoma uchunguzi wowote.

Sasa twende mlango wa 18. Nawaomba mwone jambo la ajabu: kitabu kilekile, milango kumi na mitatu tu mbele, na watu ni walewale. Wametoka kwa Farao, wako jangwani chini ya mtu wa Mungu, mpole, asiye na fimbo. Je, mambo yamekuwa mazuri? La. Musa ameketi, na watu wamesimama mbele yake tangu asubuhi hata jioni. Ni foleni, ndugu zangu. Foleni ya siku nzima katika jua la Sinai, kila mtu na neno lake, na wa kuamua ni mmoja. Hakuna dhuluma hapa, wala hakuna mwenye nia mbaya. Kuna mpango mbaya tu, na mpango mbaya katika mikono ya mtu mwema huchosha watu vilevile.

Ndipo anapokuja Yethro, baba mkwe, mzee kutoka Midiani. Yeye si Mwisraeli. Hakuvuka bahari pamoja nao. Amekuja tu kumletea mkwewe mke na watoto, akalala usiku mmoja, na asubuhi akaketi akitazama. Mara nyingine mgeni huona katika siku moja lisiloonwa na wenyeji kwa mwaka. Anamwambia Musa wazi kwamba analofanya si jema. Atajidhoofisha yeye mwenyewe, na watu walio pamoja naye. Mwaona? Hakusema, “Musa, utachoka.” Alisema wote wawili watadhoofika, aliyeketi na waliosimama. Wengi tumelihubiri fungu hili kana kwamba ni shauri la kumpunguzia mkubwa kazi. Yethro alikuwa akiwatazama pia watu wa foleni.

Shauri lake twalijua: weka wakuu wa maelfu, wakuu wa mamia, wakuu wa hamsini na wakuu wa kumi. Niliwahi kuketi na karatasi nikapiga hesabu. Kutoka 12:37 yasema walikuwa wanaume wapatao 600,000. Basi wakuu wa maelfu wangekuwa 600. Wakuu wa mamia 6,000. Wakuu wa hamsini 12,000. Na wakuu wa kumi 60,000. Jumla ni 78,600. Katika hao, zaidi ya robo tatu ni wakuu wa watu kumi tu! Sisi tukisikia neno uongozi twafikiri juu ya wale 600. Yethro aliweka wingi wa uongozi wake chini kabisa, mahali ambapo mkuu aweza kuwajua watu wake kwa majina, akajua ni nani ana mtoto mgonjwa, na ni nani amefiwa, na ni nani leo hakusalimia kama kawaida yake. Mtu mmoja hawezi kuwajua watu elfu. Kumi aweza.

Lakini tusikimbie. Mashirika yetu hayakosi wakuu wa kumi. Wasimamizi wamejaa tele. Kinachokosekana ni neno lile la pili la Yethro, ambalo huwa twalipita haraka: kila jambo dogo wataliamua wenyewe. Jambo kubwa lipande kwa Musa, na dogo lisipande. Katika ofisi nyingi mkuu wa kumi amepewa jina la mkuu, akapewa na kiti chenye mgongo mrefu, lakini hana ruhusa ya kuamua hata saa ya chai. Kazi yake ni kupandisha makaratasi na kushusha maonyo. Huyo hajawa mkuu wa kumi wa mlango wa 18. Bado ni mnyapara wa mlango wa 5, hata kama amevaa tai.

Na kuna hatari upande wa pili, nayo Yethro aliiona. Ukimpa mtu uwezo juu ya watu kumi, umempa nafasi ya kuwala. Kwa hiyo alitaka watu hodari, wenye kumcha Mungu, wa kweli, wenye kuchukia mapato ya udhalimu. Wasikilizaji, sote twajua mapato hayo katika kazi za siku hizi. Msimamizi huuza nafasi za kibarua mlangoni. Mwingine hupanga saa za ziada kwa wale wanaomrudishia kitu mwisho wa mwezi. Na liko lililo baya kuliko hayo, la dada na binti zetu wanaodaiwa miili yao ili waandikwe kazi, au wasifutwe. Kanisa limenyamaza mno juu ya jambo hili. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haikunyamaza: yamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na tamko la kukataza jambo hilo, na kuwaeleza wafanyakazi njia ya kushtaki. Ikiwa wewe ni mkubwa mahali fulani na tamko hilo hujapata kuliona, liulize leo.

Kwa kuwa nimetaja sheria, nitaje na kifungu cha 41 cha sheria hiyohiyo, maana nakipenda. Chasema kwamba kabla ya mwajiri kumwachisha mtu kazi kwa kosa, au kwa kazi hafifu, au kwa udhaifu wa mwili, ni lazima amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama cha wafanyakazi awepo, kisha asikilizwe yeye na mwenzake. Kwa lugha anayoifahamu! Walioandika maneno hayo walijua jinsi mtu wetu anavyoitwa chumbani, akasomewa barua ya Kiingereza kizito, akatia sahihi, akatoka nje akiuliza mlinzi ilikuwa inasema nini. Hata Mungu, kabla ya kuwahukumu Adamu na Hawa, aliuliza kwanza. Yeye aliyejua yote, aliuliza: uko wapi, ni nani aliyekuambia, ni nini hili ulilofanya. Kama Mwenyezi alisikiliza kabla ya kuhukumu, sijui sisi tumepata wapi haraka yetu.

Labda mwataka kujua yale ya mama na msimamizi wake yaliishaje. Niliomba ruhusa kwa kila mmoja, nikawakutanisha katika chumba cha mavazi baada ya ibada, chai mezani. Mwanzoni walizungumza na mimi tu, si wao kwa wao. Baadaye mama akaeleza habari ya mtoto, na yule ndugu akainamisha kichwa. Hakuwa amejua kwamba ni pumu. Katika barua ilikuwa imeandikwa “sababu za kifamilia.” Basi nikamwuliza, “Ndugu yangu, una watu wangapi chini yako?” Akasema tisa. “Umepata kuwauliza ni nani kati yao angependa kuingia mapema?” Hakuwa ameuliza, kwa kuwa aliogopa kwamba akiuliza atafungua mlango wa maombi asiyoweza kuyatimiza.

Jumatatu aliuliza. Palikuwa na kijana katika lile kundi aliyekuwa akisoma masomo ya jioni, ambaye kwa mwaka mzima alitamani kuingia mapema na kutoka mapema, wala hakuthubutu kusema. Wakabadilishana. Msimamizi akaandika barua kwenda juu, si ya kuomba, bali ya kuarifu: tumefanya hivi, na kazi inaendelea. Alinionyesha nakala, mkono ukitetemeka kidogo. Barua hiyo mpaka leo haijajibiwa. Hakuna aliyekasirika; nadhani hakuna aliyeisoma. Mambo mengi tunayodhani yamekatazwa huko juu, huko juu hakuna ayajuaye.

Sisemi kila jambo litakwisha kwa wepisi huo. Mahali pengine Farao ni Farao kweli, na huko kazi si ya kunywa chai chumba cha mavazi. Ni ya chama cha wafanyakazi, na ya mahakama, na ya watu kusimama pamoja. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki na mazingira ya kazi yanayofaa, na haki ya kujiunga na chama. Mkristo anayeishika haki hiyo hatendi dhambi. Sisi wachungaji tumezoea kuwahubiria watumwa wa Wakolosai mlango wa 3, wawatii mabwana zao, kisha twafunga Biblia kabla ya aya ya kwanza ya mlango wa 4, ambapo Paulo anawageukia mabwana na kuwaambia ya kwamba wao pia wanaye Bwana mbinguni.

Na sasa lazima niseme habari ya lango la kanisa letu wenyewe, ingawa ningependa kuliruka. Maana Kanisa nalo ni shirika kubwa. Lina shule, hospitali, ofisi za dayosisi, madereva, walinzi.

Tunaye mlinzi wa mchana, mzee mpole sana. Kila asubuhi nilimsalimu kwa heshima, “Shikamoo, mzee,” naye hujibu, “Marahaba, Mchungaji,” nami hupita. Nilihesabu hiyo kuwa ni upendo. Siku moja, nikiandaa orodha ya washirika, nikamwuliza ni lini mara ya mwisho aliposhiriki Meza ya Bwana. Akacheka kidogo, akasema, “Mchungaji, mimi ibada yangu ni ya kipaza sauti.” Nilichukua muda kumwelewa. Kila Jumapili tuko ndani tukiimba, na yeye yuko langoni akilinda magari yetu, akisikia mahubiri yangu kupitia kipaza sauti kilichofungwa juu ya mlango. Nikauliza siku yake ya mapumziko. Hakuwa nayo. Tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, siku saba. Piga hesabu mwenyewe: ni saa 84 kwa juma.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio ya kwamba katika mwaka 2016 watu 745,000 ulimwenguni walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma. Sisi tulikuwa tumempa mzee saa 84, na Jumapili tulimhubiria juu ya Sabato kwa kipaza sauti. Sheria ya Ajira, kifungu cha 27, yampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Na kabla ya Bunge lolote kuandika hayo, Kumbukumbu la Torati 5:14 ilikwisha kutaja mtumwa, na mjakazi, na ng’ombe, na punda, na mgeni aliye ndani ya malango. Na sababu imetolewa hapo hapo, ili mtumishi apumzike kama wewe. Kama wewe, si chini yako. Ndani ya malango, imeandikwa. Na sisi mtu wetu alikuwa langoni hasa.

Nililileta jambo hili katika baraza la kanisa, nikidhani litapita kwa dakika tano. Lilichukua mikutano miwili. Mzee mmoja wa kanisa akasema fedha za mlinzi wa pili zingetoka katika mfuko wa ujenzi, na paa halijaisha. Alikuwa akisema kweli. Paa halijaisha mpaka leo. Ndipo mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama akauliza kwa nini mlinzi wa Jumapili lazima alipwe, kwani wazee wa kanisa hawawezi kusimama? Pakawa kimya. Sasa wazee wa kanisa na vijana wana zamu ya lango kila Jumapili, na jina langu limo katika orodha kwa Jumapili nisizohubiri. Nimesimama pale mara mbili. Jua ni kali kuliko nilivyofikiri, na kutoka langoni mahubiri hayasikiki vizuri hata kidogo. Upepo hula nusu ya maneno.

Yethro alimpa Musa kipimo kimoja mwishoni mwa shauri lake. Hakumwambia kwamba akifuata shauri hilo mambo yatakwenda upesi, ingawa naamini yalikwenda upesi. Alimwambia kwamba ataweza kusimama, na kwamba watu wote watakwenda kwao wana amani. Tazama kipimo cha mzee huyu: alitaka kujua watu wanarudije jioni. Ukiwa na watu kumi chini yako, au elfu kumi, leo saa ya kutoka simama mahali uwaone wakipita. Usisimame kama askari wa kukagua mifuko. Tazama nyuso. Na siku ya Jumatatu utakapoitwa juu kuulizwa hesabu, wapelekee hiyo pia.

Natuombe.

Ee Bwana Mungu, uliyesikia kilio cha wafinyanzi wa matofali, wasikie wanaotoka zamu ya usiku asubuhi hii, na uwape usingizi. Wakumbuke walio na barua zisizojibiwa. Wape wenye watu kumi chini yao masikio, na ujasiri wa kuamua lililo dogo. Usamehe Kanisa lako, na dayosisi zetu, na shule zetu, kwa ajili ya waliosimama malangoni tusiwaone. Na mtoto yule mwenye pumu, Bwana, umlinde usiku wa leo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.